Vifungo vya Watangazaji

Baba yangu aliwapanga watangazaji wa mpira kwa vifungo. Kwenye ukingo wa meza ya cherehani, upande wa kulia, mahali ambapo mkono wake ulifika bila kupapasa, kulikuwa na mstari wa vifungo, na kila kifungo kilikuwa mtu. Kifungo kikubwa cheusi cha koti kilikuwa mtangazaji wa Kifaransa wa redio ya ng'ambo. Cha kahawia chenye matundu manne kilikuwa yule wa Kiswahili cha pwani, tuliyempata kutoka nchi ya mashariki, upande wa pili wa ziwa, hewa ikiwa safi. Cha chuma, kilichotoka kwenye suruali ya jinzi, kilikuwa mtu wa Kinshasa anayetangaza kwa Kilingala. Na cha kijani, cha plastiki, kilichomeguka kidogo pembeni, kilikuwa mtangazaji wetu wa hapahapa Kasongo, wa redio ndogo iliyo nyuma ya soko. Aliyetangaza vizuri alisogezwa mbele. Aliyeharibu alirudishwa nyuma, na aliyeharibu sana alilala ndani ya kopo la vifungo wiki nzima.

Wateja walilijua jambo hilo. Mtu alikuja kuchukua suruali yake, na kabla ya kuondoka aliinama juu ya meza kuangalia mstari. "Leo nani iko mbele?" aliuliza, na asiporidhika na jibu, suruali ilikaa mezani nusu saa huku wakibishana.

Baba ni fundi cherehani, na ni kipofu. Alizaliwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, na daktari alisema visubi vya mtoni ndivyo vilivyomla macho tangu utotoni, polepole, bila yeye kujua. Nguo ya mwisho aliyoshona akiona ilikuwa shati jeupe la shule la mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kola yake ilikwenda upande, nasi tukanyamaza. Tangu hapo mama ndiye anayekanyaga cherehani, na baba amebaki na kazi ya vifungo na pindo za mkono. Kila asubuhi mama humtungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye kitambaa kifuani pake, na redio huwashwa kabla ya chai.

Mimi ni mwalimu wa jiografia na nina ugonjwa wa kuuliza. Nilitaka kujua baba anapima nini. Kwa muda mrefu nilidhani anapima sauti, kwa sababu wengi hapa kwetu husifu sauti. Mtu wa Kinshasa ana sauti ya kuamsha maiti, na goli likifungwa huvuta neno moja hadi jirani wa tatu atoke nje. Lakini kifungo cha chuma hakikuwahi kukaa mbele zaidi ya wiki moja. Basi nikafanya utafiti wangu. Siku ya mechi kubwa niliazima redio ya pili, nikaweka Kifaransa kwenye sikio moja na Kiswahili cha pwani kwenye jingine, daftari mapajani. Mama aliniuliza kama shule haikunipa kazi ya kutosha. Nilichogundua kwanza ni kwamba Kifaransa kilifika mapema kidogo kuliko Kiswahili, kwa hiyo goli moja tulilifunga mara mbili, na watu wa barazani walishangilia mara zote mbili bila haya.

Nilichogundua baadaye ni kwamba baba alizungumza na redio. Nilikuwa nimesikia miaka yote bila kusikiliza. Kila baada ya muda, akiwa ameinamia kifungo, alisema kwa sauti ya chini, "Mupira iko wapi?" Mtangazaji akijibu bila kujua, baba aliendelea kushona. Asipojibu, sindano ilisimama. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chote.

Kwa kipimo hicho kila mmoja alikuwa na sifa zake na aibu zake. Wa Kifaransa alijua historia ya kila mchezaji, hata jina la kijiji cha bibi yake, na wakati anatusomea habari za bibi, mpira ulikuwa umeshavuka uwanja mara mbili. Wa pwani alikuwa bora: alisema upande, alisema mguu, alisema umbali wa goli, na Kiswahili chake kilimkuna baba mahali pazuri. Tatizo lake lilikuwa methali. Aliweka methali kwenye kila kona hadi kona ikapigwa. Wa Kinshasa alitia chumvi. Na wetu wa Kasongo alisalimia. Katikati ya shambulio aliwasalimia wakubwa wa mji mmoja mmoja, akamsalimia mwenye duka la simenti, akawasalimia mashemeji zake wa kule Wamaza, na siku moja alirudi kutoka kwenye salamu akakuta tumeshafungwa. Hata hivyo mji mzima ulimpenda, nami pia. Mpira ukitoka nje ya uwanja alisema umekwenda kusalimia mihogo, na watu walicheka kila mara utadhani ni mara ya kwanza.

Kulikuwa na jambo ambalo baba alilitaka kwa huyu wa Kasongo peke yake, na hakuna kifungo kingine kilichoweza kumpa. Mdogo wangu, yule wa shati la kola ya upande, alikua akawa beki wa kushoto wa timu ya mji. Baba hakuwahi kumwona akicheza. Uwanja uko karibu na kwetu, lakini baba alikwenda mara moja tu, akarudi kabla ya mapumziko, akasema kule watu wanapiga kelele na hakuna anayekuambia mpira uko wapi. Kwa hiyo alibaki na redio. Sasa, beki wa kushoto hutajwa akikosea. Jumapili baada ya Jumapili baba alikaa na sikio lake likiwa limeinama, na mechi ilikwisha bila namba tatu kutajwa. "Hawakumutaja," alisema. "Basi alicheza muzuri." Alisema hivyo kwa kujifariji, na sisi tulijua.

Siku moja aliniuliza, "Mama, anakimbia namna gani?" Mama ndilo jina analoniita, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Nikamjibu kwamba anakimbia kama watu wengine. Nilikuwa nasahihisha mitihani, na nilijibu ovyo. Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana hakuuliza tena.

Kifungo cha tano kiliingia kwenye mstari kwa bahati. Mchana mmoja wa kiangazi baba alikuwa akizungusha masafa mafupi kutafuta mechi, akanasa kitu ambacho hatukukielewa. Makofi machache. Kimya. Ndege wanalia, kwa mbali mtu anakohoa. Kisha sauti ya mbao ikigonga kitu kigumu, makofi tena, na mwanamume akasema maneno matatu ya Kiingereza, polepole, kana kwamba amekaa barazani na jirani. Tulidhani ni mazishi. Mama alisema ni mnada. Baba aliacha mkono wake juu ya redio, hakubadilisha.

Alikuwepo mteja siku hiyo, mwanajeshi wa kulinda amani kutoka Asia, aliyeleta shati lake lishonwe kwapani. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akachukua rula ya mama ya kupimia vitambaa, akaishika kwa mikono miwili, akainama, akapiga mpira usiokuwepo. "Kriketi," alisema. Kwa Kiswahili chake cha maneno machache alitueleza kwamba mechi moja inaweza kuchukua siku tano. Baba alitaka kujua kama watangazaji hawaishiwi. Yule mtu akasema wanakunywa chai, wanalala, wanarudi.

Baba aliwasikiliza kiangazi kile chote. Hakujua Kiingereza, hakujua mchezo, na hakujua nani anashinda. Lakini waliokuwa wakitangaza kwa zamu walikuwa wawili, na baada ya siku chache aliwatenganisha. Mmoja alijaza kila nafasi. Mwingine aliacha mbao igonge, akaacha makofi yaishe, halafu ndipo akasema. Baba akachagua kwenye kopo kifungo chenye kung'aa, cha blauzi ya kike, akakiweka mbele ya wote. Barazani pakawa na kesi. Mteja mmoja, mtu mzima, alikasirika kabisa: mtu wa lugha isiyoeleweka, wa mchezo usiojulikana, anakuwaje wa kwanza?

"Hasemi kitu hajaona," baba alimjibu.

"Na wewe unajua namna gani? Hausikii Kiingereza."

"Nasikia vile ananyamaza."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kabambare kufundisha. Ni mji mdogo wa ofisi, mashamba na maduka machache, na kutoka Kasongo ni siku mbili za moto, yaani pikipiki, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimezoea upweke wake wakati timu yetu ilipopangiwa kucheza na ya kule, katika uwanja wa kule. Siku nne kabla ya mechi, mtangazaji wetu wa Kasongo alinipigia simu.

"Mwalimu," alisema, "mugongo yangu haiwezi moto siku mbili. Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa mudomo."

Mpango wake ulikuwa hivi. Mimi nisimame uwanjani na kumtumia ujumbe mfupi kwa simu, naye akae studio Kasongo, asome, aupanue, atangaze kana kwamba yuko pembeni ya uwanja. Mji usijue. Alikuwa ameshawaaga wasikilizaji hewani, akapita sokoni na begi lake ili aonekane, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Alijifungia chumbani siku tatu. Nilisikia baadaye kwamba mkewe aliwaambia wageni, "Ameenda Kabambare," na mgonjwa wa mgongo akikohoa nyuma ya pazia.

Ilinipasa kukataa. Ilinipasa kumkumbuka mtu anayekaa Kasongo na sindano kumi kifuani akiuliza mpira uko wapi. Lakini nilitaka sana kujua utangazaji unapikwaje, na mtu akitaka kujua kitu hujipa ruhusa. Nikakubali, na nikaapa kunyamaza.

Uwanja wa Kabambare uko bondeni kidogo, na upande mmoja umepakana na shamba la mihogo. Rezo, yaani mtandao wa simu, haishuki huko. Wenyeji wanajua vizuri inakokaa: juu ya kichuguu kilicho nyuma ya goli, na hata hapo mkono uwe umenyooshwa. Kila anayetaka kupiga simu hupanda kile kichuguu, na kimelainika kwa miguu ya watu. Nikapanda kabla ya filimbi. Nilimwona mdogo wangu akiingia na wenzake, namba tatu mgongoni, akanipungia. Dakika za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Niliandika, kwa mfano, "Kona yetu, kipa kadaka," nikainua simu, nikangoja ile alama ya kwenda, nikashusha, nikaandika tena.

Halafu rezo ikakatika. Sijui kama mnara uliishiwa mafuta au ni mawingu. Ujumbe mmoja ulikwama, ukafuatwa na wa pili. Nikanyoosha mkono zaidi, nikageukia huku na huku, nikazima simu nikaiwasha. Watu wakapiga kelele mara moja, na baada ya muda mrefu mara ya pili, nami kila mara niliinua macho nimechelewa. Karibu na mapumziko nilimwona mdogo wangu ameketi nje ya mstari, upande wa mihogo, goti limefungwa kwa kitambaa. Nikaandika, "Namba 3 ametoka, goti." Nao ukakwama. Rezo iliporudi mechi ilikuwa inakaribia kwisha. Nikamuuliza mtu aliyesimama chini ya kichuguu matokeo, akaniambia ni goli moja kwa moja. Nikatuma hivyo: moja kwa moja. Jumbe nyingine zilizokwama zikatoka nyuma yake zote kwa pamoja, wakati hazina tena faida.

Jioni mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya sikukuu.

"Baba yako leo hajakula, furaha imemushibisha," alisema, kisha akanieleza mechi niliyokuwepo. Mpira ulikuwa umekwenda kusalimia mihogo, ukapotea, ukatafutwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuchoka kungoja. Namba tatu ndiye aliyeupata. Aliurusha mwenyewe, akarudishiwa, akampita mtu wa kwanza, akampita wa pili, mtoto wa fundi cherehani, mjukuu wa Nyangwe, akaukata mpira kutoka kushoto, na goli likaingia kwa kichwa cha mwenzake. Halafu wenyeji wakasawazisha haraka haraka. Baba alikuwa ameinuka ghafla kutoka kwenye kiti hadi sindano zote zikaanguka, na mama alizitafuta sakafuni mpaka magharibi. Baba alikuwa amempigia simu kaka yake wa Nyangwe kumsimulia. Na kifungo cha kijani, mama akasema, kiko mbele ya vyote, hata kile cha kung'aa.

Nilifurahi kwanza, ni lazima niseme hivyo. Furaha ya baba ilinifikia mapema kuliko aibu. Aibu ilikuja nilipokata simu, ikakaa.

Shule ilikuwa inafunga, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulirudi Kasongo pamoja, wawili nyuma ya dereva mmoja. Siku ya pili tulishuka kuisukuma moto kwenye tope, na hapo ndipo nilipomwambia kila kitu: kichuguu, mtangazaji, mihogo, na kile baba alichosikia. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa nifanye nini, yaya?" aliuliza. Yaya ni mimi, dada aliyemtangulia.

"Nyamaza tu," nikamwambia. "Usikatae, usikubali. Baba iko na furaha. Unataka kumunyanganya?"

Aliinuka, akaishika moto tena. Ni mtu wa maneno machache, na goti lilikuwa linamuuma.

Tulifika alasiri. Baba alikuwa mahali pake, sindano zake kifuani, redio inasema bei za vyakula. Mama alikuwa kwenye cherehani. Na kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi, ameketi mtangazaji wetu mwenyewe, kofia yake gotini. Aliniangalia kwa jicho la kuomba. Alikuwa amekuja kulinda siri, naamini, lakini pia alikuwa amekuja kuonja sifa, na chai ilikuwa na sukari nyingi.

"Karibu, beki," baba alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Akapapasa kiti kilicho karibu naye. "Kaa hapa. Nieleze mwenyewe. Ulipotoka na mupira kwa mihogo, yule wa kwanza ulimupita upande gani?"

Mdogo wangu alinyamaza, kama nilivyomfundisha. Mtangazaji akaangalia ndani ya kikombe. Baba alingoja akiwa ametabasamu, uso umeinuka kidogo, na kungoja kule ndiko kulikotushinda sote. Nilitamani kusema jambo lolote, hata la mvua.

"Sikumupita mutu, baba," mdogo wangu alisema. "Niliumia goti mbele ya mapumziko. Nilikaa inje ya musitari mpaka mwisho."

Tabasamu la baba halikuondoka mara moja. Liliondoka polepole. Hakumuuliza mara ya pili. Aligeuza uso kuelekea benchi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa Kasongo, muzee," mtangazaji alisema, na njia ya mwongo ikaishia hapo. Alieleza yote, mgongo, begi la sokoni, siku tatu za pazia, na mimi juu ya kichuguu. "Rezo ilikatika. Sikukuwa na kitu ya kusema. Nikatia mupira kwa mihogo, nikangoja mesaji, mesaji haikuya. Mupira haiwezi kulala kwa mihogo saa nzima. Nikakumbuka uko unasikiliza. Nikaona nikupatie mutoto wako."

Mama alikuwa ameacha kukanyaga. Baba alikaa, mikono yake juu ya meza.

"Yule wa kriketi angenyamaza," alisema.

Akanyoosha mkono kwenye mstari, akakipata kifungo cha kijani pale mbele, akakizungusha kati ya vidole, akigusa ile sehemu iliyomeguka. Nilijua kinakwenda kwenye kopo. Hakukitia kwenye kopo. Alikirudisha mezani, mwisho wa mstari.

"Roho yako iko ya kwanza," alimwambia. "Kazi yako iko ya mwisho. Kunywa chai, itapoa."

Kisha zamu yangu ikafika. "Na wewe, mama, uliyekuwa kule. Mupira ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale dakika zote tisini, juu kuliko watu wote, na sikuwa na goli hata moja la kumpa. "Nilikuwa naangalia simu, baba," nikasema.

"Mwenye macho," alianza, akaiacha methali njiani. Ingekuwa heri angeimaliza.

Akamgeukia tena mdogo wangu. "Ulikaa upande gani?"

"Upande ya mihogo."

"Ulikuwa unaona?"

"Karibu yote."

Baba akazima redio. Habari za alasiri zilikuwa karibu kuanza, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona akizima redio kabla ya habari kwa ajili ya mtu. "Basi anza," alisema. "Tangu filimbi."

Mdogo wangu akaanza. Alisema polepole, kwa sentensi fupi, akichora kwa kidole mapajani pake ingawa baba hakuweza kuona kidole. Mpira uko kwa kipa wetu. Umepigwa kulia. Umerudi. Mahali ambapo hakujua, alisema, "Hapo sikuona, watu walisimama mbele yangu," na akanyamaza hadi alipoona tena. Baba aliitikia kwa kichwa kila alipokiri hivyo. Mtangazaji alikuwa ameshusha kikombe chini, anasikiliza mdomo wazi kidogo.

Kisha akafika mahali pake mwenyewe, na nilidhani atapita haraka.

"Winga yao alinipita," alisema. "Upande ya musitari. Nikamukimbiza."

Mkono wa baba uliinuka kutoka mezani. "Ulimukimbiza namna gani?"

"Na nguvu yote. Mabega mbele, sawa vile ulikuwaga unakimbia mvua zamani na kitambaa ya mutu mukononi. Lakini yeye iko mwepesi, baba. Nilibaki hatua mbili. Nikajitupa kwa mupira, nikaigusa, ikatoka. Goti ikagonga jiwe. Haikukuwa goli."

Midomo ya baba ilirudia maneno, nadhani yalikuwa hatua mbili. Machozi yalimtoka, nayo hayakuwa ya huzuni, kwa maana alikuwa ameinama mbele kabisa kama mtu anayeangalia.

"Halafu arbitra akapiga filimbi ya mapumziko," mdogo wangu alisema.

Baba akavuta kopo la vifungo, akatia mkono ndani, akatafuta kwa muda mrefu. Alitoa kifungo kidogo cheupe, cha shati la shule. Akakiweka mbele, kabla ya kile cha kung'aa, akasogeza vingine vyote nyuma kwa ukingo wa kiganja.

"Kipindi ya pili," alisema. "Mupira iko wapi?"

"Iko katikati. Filimbi bado."

Nikachukua kigoda, nikakisogeza karibu nao, kwa sababu nami nilikuwa sijui.